Zamu ya Merle

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi ya Merle Halvorsen, Wendell Tesch alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, akafungua kopo la kahawa alimotunza madadu yake, akayakuta yamelowa chapachapa.

Maji yalijaa kidole kizima ndani ya kopo, nayo yalinuka tope na petroli. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Wendell aliyamwaga kwenye sinki, akayafuta madadu moja moja kwa taulo, akajiambia kwamba chumba kile kilikuwa na unyevu tangu enzi za baba yake. Kisha akapanda jikoni kupasha moto sufuria ya maharage na nyama, maana wageni walikuwa wanakuja saa saba mchana.

Wageni wenyewe walikuwa wawili. Corinne, dada yake Merle, alifundisha hesabu katika mji ule mdogo wa Wisconsin. Tou Vang alikuwa Mhmong, wa watu waliohamia Marekani kutoka Laos, na fundi wa mashine katika kiwanda cha karatasi alikofanya kazi Wendell. Kwa miaka minane, wao na Merle walikuwa wakikutana kila Jumamosi kwenye meza ile ya chini kucheza mchezo wao mmoja. Kila mchezaji alikuwa na shujaa wake, aliyeandikwa kwenye karatasi kwa nguvu zake, silaha zake na majeraha yake. Wendell alikuwa mwamuzi. Yeye ndiye aliyesimulia mapango na misitu waliyopita, na ndiye aliyecheza upande wa maadui. Aliyetaka kupiga alirusha dadu la pande ishirini. Namba ikifikia ugumu wa deraya, vazi la chuma la adui, pigo limempata, isipofikia, limekosa. Wachezaji walirusha mezani, mbele ya wote. Mwamuzi alirusha nyuma ya pazia la kadibodi, akatangaza kilichotoka, na wenzake wakamwamini.

"Nataka tucheze kwa ajili yake," alisema Corinne akivua koti. Alikuwa amekonda. Aliweka mezani karatasi ya shujaa wa kaka yake, aliyeitwa Orsten, na juu yake dadu la Merle, la buluu, ambalo namba zake Merle mwenyewe alizipaka krayoni nyeupe zamani ili zisomeke.

Wakaanza. Corinne akarusha dadu lake, ikatoka sita. Tou akarusha, ikatoka sita. Nyuma ya pazia, Wendell naye akapata sita.

"Sita tena," Corinne alisema baada ya raundi ya tatu. Alijaribu kutabasamu. "Mara tisa mfululizo. Wendell, hata wanafunzi wangu wa mwisho darasani wangekwambia hilo haliwezekani."

"Madadu yameingia maji," Wendell akajibu. "Labda yamepinda."

Tou alikuwa amegeuza uso kuelekea ngazi, akinusa kama mtu aliyesikia harufu ya gesi. Corinne alipokwenda msalani, Tou aliinama juu ya meza, akanong'ona.

"Kaka, siku ile. Pigo lililomuua Orsten. Ilitoka ngapi?"

"Kumi na nane. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Niliisikia namba. Sikuiona."

"Kumi na nane, Tou."

Ilikuwa imetoka sita.

Siku ile Merle alikuwa na kichaa cha ubishi. Mara tatu alimkatiza Wendell, akafungua kitabu cha kanuni, akamsomea ukurasa alioukosea huku akicheka. "Mwamuzi wetu kanuni anaziota," alisema, na Corinne akacheka pia. Wendell akasikia masikio yakimwaka. Ilipofika zamu ya zimwi la pangoni kumpiga Orsten, lilihitaji kumi na tano kwenda juu. Dadu likazunguka nyuma ya pazia, likasimama kwenye sita, na Wendell akaitazama ile sita akasema, "Kumi na nane." Kisha akatangaza idadi ya majeraha, nayo ilimtosha Orsten kufa.

Merle aliacha kucheka. Orsten alikuwa naye kwa miaka minane. "Nionyeshe," alisema.

"Mwamuzi haonyeshi. Wewe si ndiye mwenye kitabu?"

"Basi niapie."

"Naapa kwa kaburi la baba yangu," Wendell akasema. Ilimtoka kirahisi.

Merle aliinuka, akaacha dadu lake mezani. Kila Jumamosi alikula pale, kisha akarudi nyumbani kwa gari la Tou, kwa njia ya kuzunguka ziwa. Siku ile alipanda kwenye pikipiki ya theluji ya Wendell iliyokuwa uani, akakata moja kwa moja juu ya ziwa lililoganda. Ilikuwa Machi. Barafu ilikuwa imeanza kulegea. Saa kumi na nusu alasiri, jua likiwaka, wavuvi wawili walimwona akizama mita mia moja kutoka ufukweni.

Polisi walipouliza, Wendell aliwaambia kwamba Merle aliondoka akiwa na furaha, na wenzake hawakumpinga.

Wiki iliyofuata mchezo ule wa kumkumbuka Merle ilikuwa ndefu. Jumatatu asubuhi, Wendell akiwa mezani na bakuli la uji wa shayiri, alisikia kitu kikibiringika juu ya mbao kule chini. Tak, tak, tak, kisha kimya. Alishuka. Dadu la buluu, ambalo Corinne alilisahau, lilikuwa katikati ya meza, na namba iliyokuwa juu ilikuwa sita. Alilitia mfukoni, akaenda kazini. Mchana, katikati ya ngurumo za mashine za karatasi, mashine zinazowafanya watu wazungumze kwa ishara, alilisikia tena, tak, tak, tak, wazi kama vile limerushwa ndani ya sikio lake.

Jumatano alijaribu yote. Alirusha kila dadu alilokuwa nalo, la pande ishirini, la kumi na mbili, la kumi, la nane, na yale ya kawaida aliyoyachomoa kwenye michezo ya utotoni, na yote yalimpa sita. Mwisho akachukua lile dogo la pande nne, lisilo na sita popote, akalirusha, nalo halikutua. Lilisimama kwenye ncha yake likizunguka, likizunguka, dakika nzima, dakika mbili, huku harufu ya tope na petroli ikipanda kutoka chini ya meza na soksi zake zikianza kulowa ingawa sakafu ilionekana kavu, mpaka aliposhindwa kuvumilia akalifunika kwa kiganja, na lilikuwa baridi kiasi kwamba ngozi ilinata, na chini ya kiganja chake, hata baada ya kulikandamiza kwa nguvu zake zote, aliendelea kulihisi likizunguka.

Alimpigia simu Tou. "Umesema bibi yako anajua mambo haya ya wafu."

"Sijasema."

"Basi sema sasa, na umlete."

Bibi yake Tou alifika Jumamosi saa sita mchana, amevaa koti kubwa la kijani la timu ya mpira juu ya sketi yake ya Kihmong, akilalamika kwamba amekosa mieleka kwenye televisheni. Hakujua Kiingereza, au hakutaka kukizungumza. Corinne naye alikuja, maana Tou alimwita bila kumuuliza Wendell. Bibi aliweka mezani bakuli la mchele, yai na ubani, na vipande viwili vya pembe ya nyati iliyopasuliwa katikati, vya kupigia ramli. Alizungumza kwa sauti ya chini, akazirusha pembe sakafuni. Akazitazama. Akazirusha tena, na mara ya tatu.

"Bibi anasema amemwomba Merle aondoke," Tou alitafsiri. "Amekataa. Anasema zamu yake haijaisha."

Corinne alishika ukingo wa meza. "Zamu gani?"

Bibi alielekeza kidole kwenye pazia la kadibodi, akamuuliza Wendell jambo.

"Anauliza, wewe pia unarusha, halafu unawaambia watu kilichotoka?"

"Ndiyo."

"Anauliza, kile kile kilichotoka?"

Maji yalidondoka mahali fulani ukutani. Wendell alijaribu kumtazama Corinne, akashindwa, akaitazama karatasi ya Orsten.

"Ilitoka sita," alisema. "Nilisema kumi na nane kwa sababu mlikuwa mnanicheka. Aliniapisha, nikaapa."

Corinne alikaa kama mtu anayepiga hesabu kichwani, hatua kwa hatua, akirudia mahali anapokosea.

"Sita haimpati Orsten," alisema mwishowe. "Kwa hiyo zimwi lilikosa. Kwa hiyo ilikuwa zamu yake." Akavuta kiti cha Merle nyuma kidogo, kama mtu anavyomkaribisha mgeni. "Toa hilo pazia. Lete dadu lake."

Wendell aliangusha pazia, akatoa dadu la buluu mfukoni, akaliweka mbele ya kiti kitupu. "Orsten," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya msimulizi, "zimwi limekukosa. Unafanya nini?"

Walingoja. Mchana ule theluji iliwaka nje ya kidirisha cha juu, na mwanga wake ulianguka mezani mweupe kabisa, bila kivuli, hivyo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kujidanganya baadaye kwamba hakuona vizuri: maji yalianza kutoka kwenye mbao za kiti, yakatiririka taratibu hadi ukingoni mwa meza, yakapanda juu pasipo njia ya kupanda, yakalizunguka dadu, na dadu likainama upande mmoja kama linalopimwa uzito kiganjani, likainama upande wa pili, jinsi Merle alivyolipima kila mara kabla ya kurusha kwa miaka minane, kisha likabiringika, tak, tak, tak, likivuka karatasi, likivuka ubani, likasimama.

Kumi na moja.

"Anahitaji ngapi?" Tou alinong'ona.

"Kumi na mbili," Corinne alisema. "Amekosa kwa moja." Akamtazama Wendell kwa mara ya kwanza. "Sasa zimwi. Rusha hapa, nione."

Wendell alichukua dadu lake mwenyewe. Katika maisha yake hakuwahi kuomba kitu kama alivyoomba lile dadu litoe namba ndogo. Alilirusha katikati ya meza.

Kumi na tisa.

Akarusha la majeraha. Corinne aliyatoa majeraha kwenye nguvu za Orsten kwa penseli, mstari kwa mstari, akafika sifuri, akarudia kuhakikisha.

"Amekufa," alisema. "Kihalali."

Kitu kilipumua karibu nao, pumzi moja ndefu, kama ya mtu anayeachia mzigo. Bibi akarusha pembe. Safari hii aliitikia kwa kichwa, akaziokota, akazifunga kwenye kitambaa. Meza ilikuwa kavu. Harufu ilikuwa imeondoka, na chumba kilinuka ubani na maharage tu. Tou alichukua dadu moja kutoka kwenye kopo, akalirusha kwa woga. Tatu. Akarusha tena. Kumi na sita.

Wendell alihisi kitu kikilegea kifuani, na kabla hajajizuia, akasema, "Kwa hiyo angekufa tu. Hata kama ningesema ukweli."

"Orsten angekufa," Corinne alisema. Alikuwa akivaa koti lake, akifunga kifungo kimoja kimoja. "Merle angetukana, angekula maharage mabakuli mawili, halafu angepanda gari la Tou."

Bibi aliuliza kilichosemwa. Tou alimweleza. Bibi alichukua yai lake kwenye mchele, akalitia mfukoni mwa koti.

Mlangoni Corinne aligeuka. "Mama anaamini aliondoka hapa akiwa na furaha. Anamwambia kila anayekuja. Mimi sitamwambia kitu."

"Ahsante, Corinne."

"Hujanielewa. Utamwambia wewe. Leo."

Nyumba ya kina Halvorsen ilikuwa upande wa pili wa ziwa. Wendell aliliacha gari, akaenda kwa miguu kwa njia ya kuzunguka, mwendo wa saa nzima, ili apate maneno. Hakuyapata. Aligundua pia jambo ambalo hakulitarajia: kwamba kwa wiki ile yote ya hofu alikuwa, kwa namna fulani, bado na Merle, na kwamba sasa angeweza kusema samahani njia nzima na hakuna kitu ambacho kingelowa, wala kunuka, wala kubiringika kumjibu.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga.

"Wendell, mwanangu," alisema Mama Halvorsen, mikono yake imejaa unga. "Umekuja kwa miguu katika baridi hii? Ingia, ingia. Nilikuwa nawaza juu yako asubuhi hii hii. Nilimwambia mchungaji, angalau mwanangu alitumia saa zake za mwisho na rafiki anayempenda."

Alimsaidia kuvua buti. Alimsukuma taratibu hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu na jiko, kiti cha Merle, akamjazia kikombe cha kahawa na kumkatia keki. Kisha akaketi mbele yake, kisu cha keki bado mkononi, akajifuta mkono wa pili kwenye aproni, akamtazama kwa upendo mtupu, akingoja kuambiwa kilichomleta.

"Mama Halvorsen," Wendell alisema. "Tafadhali weka hicho kisu chini kwanza."

Akakiweka. Na Wendell akaanza kusema.