Mchuzi wa Nzembi

Duka la dawa za mifugo kule River Road, Nairobi, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, na wafugaji wa kuku walisukumana na wenye ng'ombe mbele ya kaunta. Katikati yao alisimama Nzembi Mwangangi, karani wa bima kutoka Upper Hill, aliyeomba ruhusa ya nusu siku. Alivaa gauni la samawati na viatu virefu, na kwapani alibeba mbwa mdogo mweupe aliyeitwa Tosha.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake alikuwa akila soseji. Tosha akamkodolea macho. Yule mwanamume akamega kipande, akanyoosha mkono.

Nzembi akaupiga ule mkono. Soseji ikaanguka sakafuni.

"Umeniuliza?"

"Pole madam, ni soseji tu."

"Soseji ni chumvi na mafuta. Huyu ana kilo nne. Wewe ukipewa chakula na mtu humjui, kwa foleni ya duka, utakula?"

"Nikiwa na njaa, nitakula."

Watu wakacheka. Nzembi hakucheka.

"Sasa yeye hula nini?" mwanamume akauliza. "Naona amenona."

"Chakula cha nyumbani. Wali na mchuzi wa nyama. Napika mwenyewe."

"Kwani hicho si chakula cha watu?"

"Hicho ni chakula changu," Nzembi akajibu, akageuka kumtazama muuzaji.

Alipotoka na dawa ya minyoo ya Tosha alimkuta yule mwanamume akimngoja kando ya mlango. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu safi kuliko vya watu wengi wa River Road.

"Naitwa Zachariah Karanja," akasema. "Nina bucha Dagoretti. Nipe dakika kumi nikununulie chai, uendelee kunigombeza ukiwa umekaa."

Nzembi alimgombeza kwa saa moja na nusu, na alipoinuka alikuwa amempa namba yake ya simu.

Walipendana haraka. Kila Jumamosi jioni Karanja alikuja Mountain View, mtaa aliokaa Nzembi kando ya Waiyaki Way, wakatembea na Tosha hadi mwisho wa barabara ya ndani na kurudi. Siku nyingine walipigiana simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula na Tosha."

"Nataka kuhama hii dunia nizaliwe tena nikiwa Tosha."

"Huna manyoya ya kutosha."

"Nipe wiki mbili."

Nzembi alijivunia mpenzi wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtambulisha katika kundi la WhatsApp la mtaa: nyama safi, mtu mwaminifu, analetea watu hadi mlangoni. Baada ya miezi mitatu nusu ya Mountain View ilikuwa ikila nyama ya Karanja.

Jumapili moja Karanja alimpeleka nyumbani kwao Dagoretti kula chakula cha mchana na mama yake, Virginia. Nzembi alivaa kitenge cha kijani na hereni ndefu, akambeba Tosha. Uani kulikuwa na Jemedari, mbwa mkubwa wa kahawia aliyelinda bucha. Virginia alifurahi, akasema msichana ana adabu. Yote yalikwenda vizuri hadi Nzembi alipotazama dirishani akamwona Karanja amechuchumaa uani na Tosha anatafuna kitu.

"Umempa nini?" aliuliza, sauti ya chini, ili mama asisikie.

"Nyama ya kuchemsha. Haina chumvi, haina chochote. Kipande kama kidole."

"Nilikuambia siku ya kwanza."

"Nze, ni nyama tu."

Hakutaka kugombana mbele ya mwenye nyumba, akarudi mezani, lakini njia nzima ya kurudi alitazama nje ya dirisha la gari.

Jumatano asubuhi Tosha alishindwa kupanda ngazi. Alisimama kwenye ngazi ya pili, miguu ikamtetemeka, akalala. Alipokojoa, mkojo ulitoka rangi ya chai ya rangi. Nzembi alipiga magoti kando yake huku akimpigia Karanja simu.

"Ulimpa mfupa."

"Nani? Nzembi, kumetokea nini?"

"Tosha anakufa. Jumapili ulimpa mfupa na ukanidanganya."

"Sikumpa mfupa. Mimi nauza nyama, najua mfupa uliopikwa unapasuka kama kioo. Nilimpa nyama. Mpeleke kwa daktari, nakuja sasa hivi."

"Usije."

Akakata simu. Na pale pale, kabla hata ya kumbeba mbwa kumpeleka garini, alifungua lile kundi la mtaa lenye watu mia mbili na arobaini, akaandika: "Msinunue tena nyama kwa Karanja wa Dagoretti. Amemlisha mbwa wangu kitu kibaya na sasa anakufa. Kama anaweza kumfanyia mbwa hivi, jiulizeni ninyi anawauzia nini." Akaweka na picha ya bucha, jina likisomeka vizuri.

Mtu akiwa na uchungu husema mengi. Lakini Nzembi alikuwa na akili timamu ya kutosha kutafuta picha, na hilo ndilo lililomuuma Karanja kuliko yote.

Katika kliniki ya wanyama upande wa Kangemi, Daktari Beryl Oloo, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliinua mdomo wa Tosha. Ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Akachukua damu, akaingia chumba cha ndani, akarudi baada ya muda.

"Alipewa mfupa Jumapili," Nzembi akasema. "Au nyama iliyooza. Na mtu wa bucha."

"Mfupa ungemkwama au ungemtoboa. Haufanyi mkojo uwe hivi. Na nyama iliyooza ingemtapisha. Hapa chembe za damu zinapasuka zenyewe. Kila siku anakula nini?"

"Wali na mchuzi. Napika mwenyewe."

"Mchuzi una nini?"

"Nyama, nyanya, dania. Vitunguu."

"Vitunguu vingapi?"

"Vitatu. Na kitunguu saumu kidogo." Nzembi akafikiri. "Jumamosi vilikuwa vingi, nilikuwa na wageni wa chama chetu cha akiba. Alikula kilichobaki hadi jana."

Daktari akaweka kalamu chini. Alipoongea alijaribu kuwa mpole, lakini hasira ilimtoka.

"Hii ni kesi ya tatu tangu mwezi uanze. Watu wanakuja hapa wakilaumu jirani, wakilaumu askari wa geti, na sufuria iko kwao jikoni. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, mama. Kibichi, kilichokaangwa, cha unga, hata ule mchuzi peke yake bila vipande. Saumu pia. Mbwa mkubwa anaweza kula kidogo usione kitu. Huyu ni kilo nne. Na haionekani siku hiyo hiyo, inangoja siku tatu, nne, ndiyo maana mnawashika watu wasio na hatia."

"Na nyama ya kuchemsha?"

"Isiyo na chumvi wala viungo? Hiyo ungempa kila siku. Nyama, wali mweupe, karoti, malenge, sawa. Zabibu hapana, chokoleti hapana, mifupa iliyopikwa hapana, na mchuzi wenu hapana."

Nzembi aliketi. Kwa muda alimkasirikia daktari, kisha akamkasirikia mama yake aliyemfundisha kupika, kisha akakosa mwingine wa kumkasirikia.

"Anahitaji damu," Daktari Oloo akaendelea. "Mbwa wetu wa kutoa damu alitoa wiki iliyopita, siwezi kumtoa damu tena. Unamjua mtu aliye na mbwa mkubwa, mwenye afya, aliyechanjwa?"

Alimjua mmoja tu.

Simu ililia mara moja ikapokelewa.

"Nimesoma," Karanja akasema.

"Karanja, nisikilize."

"Hapana, leo wewe ndiye unisikilize. Watu kumi na wanne wamekataa nyama asubuhi hii. Mama yangu ameulizwa sokoni kama tunauza sumu. Mama yangu, Nzembi, uliyekula kwake juzi. Miaka tisa nimejenga hili jina. Wewe umetumia dakika moja."

"Ilikuwa mchuzi wangu."

"Nini?"

"Daktari amesema ni vitunguu vya mchuzi wangu. Si wewe. Nyama yako haikuwa na shida. Nimekukosea, na najua sina haki ya kuomba kitu, lakini Tosha anahitaji damu ya mbwa mkubwa na simjui mwingine ila Jemedari."

Upande wa pili kulisikika panga likiwekwa juu ya meza.

"Ule ujumbe bado uko?"

"Bado."

"Kliniki gani?"

Alifika akiwa na koti lake jeupe la bucha, Jemedari akimtangulia kwa mnyororo, na kadi ya chanjo mfukoni. Alimsalimia daktari. Nzembi hakupata salamu. Karanja alimshika Jemedari kichwa wakati sindano ilipoingia shingoni, akimwongelesha polepole kwa Kikuyu, na alipopita karibu na Tosha akamgusa sikio kwa kidole.

Nusu saa baada ya Tosha kuongezwa damu hiyo, ufizi wake ulianza kurudia rangi.

"Ataishi?" Nzembi akauliza.

"Tukivuka siku mbili, ndiyo," daktari akasema.

Nzembi alimfuata Karanja hadi nje. "Nitaufuta ule ujumbe sasa hivi."

"Ufute?" Karanja akageuka. "Waliousoma wameusoma. Ukifuta watasema nimekutisha. Nilikuja kwa sababu ya mbwa. Mimi na wewe, hiyo ni hesabu nyingine. Ungeniuliza tu, Nzembi. Ungeniuliza na uningoje nijibu."

Akafungua mlango wa gari, Jemedari akapanda, wakaondoka.

Nzembi hakufuta kitu. Alikaa kwenye benchi la kliniki akaandika chini ya ujumbe wa kwanza, na picha ile ile ya bucha: "Nilisema uongo juu ya Karanja. Mbwa wangu ameugua kwa vitunguu vya mchuzi nilioupika mimi. Daktari amethibitisha. Karanja alimpa nyama safi, na leo mbwa wake ametoa damu kumwokoa wangu baada ya mimi kumtukana mbele yenu. Ukitaka kugomea mtu, nigomee mimi."

Walimgomea vizuri. Jirani yake Kasyoka aliandika kwamba watu wenye haraka ya kusema wanapaswa kutolewa kwenye kundi. Mwingine, Anita, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anaweza kuandika kwa sauti ya chini, kama kweli hata mchuzi wa jana una hatari, maana mbwa wake anaulamba kila siku. Nzembi aliwajibu wote, mmoja mmoja.

Karanja hakujibu. Wiki moja ikapita, Tosha akarudi nyumbani, akapanda ngazi mwenyewe. Wiki ya pili, Jumamosi asubuhi, Nzembi alienda Dagoretti.

Bucha ilikuwa imejaa wateja. Virginia alikuwa amekaa karibu na mizani. Nzembi, aliyevaa sketi ya kawaida na skafu kichwani, alisimama mbele yake asijue mikono aiweke wapi.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Niliwaharibia jina. Nilikula kwako nikaenda kuandika vile."

Wateja wakageuka kumtazama. Karanja aliendelea kukata nyama.

"Nilikasirika sana," Virginia akasema. "Hata kanisani nilikasirika. Nikuulize kitu, mwanangu. Huyu akikuudhi siku nyingine, utamwandikia nani?"

"Nitamwambia yeye, Mama. Peke yake. Na nitangoja ajibu."

"Mimi nimesikia," Virginia akasema, akamwangalia mwanawe. "Huyo wa panga ajisemee."

Karanja akapangusa mikono, akamwachia mwenzake kazi, akatoka nje. Nzembi akamfuata.

"Bado nina hasira," Karanja akasema.

"Najua."

"Si hasira ya kuisha leo. Nikilala naiota, nikiamka naikuta."

"Sikuja kukuambia uache."

"Na nimejaribu kukusahau ili niikomeshe, nimeshindwa. Sasa nina hasira na ninakukosa, vyote kwa pamoja. Hiyo ni haki?"

"Hapana," Nzembi akasema. "Si haki."

Karanja akatazama barabara, malori ya ng'ombe yakipita kuelekea kichinjioni. Kisha akasema, kama mtu anayetoa shtaka:

"Nataka kwenda kwenu Mwala. Kwa wazazi wako. Nikiwa bado nimekasirika, nisiwadanganye. Wajue huyu ndiye mtu binti yao amemkosea, na ndiye anayetaka kumwoa."

Nzembi alifunika mdomo kwa skafu. Macho yalikuwa yamejaa maji, na hakutaka kulia barabarani. Akatoa simu, akapiga.

"Baba, habari ya huko? Huku tuko salama. Baba, kuna mtu anataka kuja kunishtaki kwenu. Ndiyo, atakuja na mama yake."

Kule Mwala, Mzee Mwangangi akauliza kosa ni gani. Nzembi akampa Karanja simu amweleze mwenyewe.