Soksi Zilizopashwa Moto

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa. Mwalimu wetu alilisikia la mkuu neno kwa neno, na hilo ndilo nusura limvunje guu. Mkuu wa shule ndiye aliyemwambia apitie ndani ya stesheni ya treni, akwepe barafu ya barabarani. Akapita. Alipoingia tu kutoka kwenye baridi, miwani yake ikatanda ukungu, dunia ikawa nyeupe kama maziwa, na buti likateleza kwenye vigae vilivyolowa. Akadaka cha kwanza alichokigusa. Kilikuwa mfuko wa koti la mtu, nao ukachanika wote.

"Mama wee, guu langu," alisema kwa Kiswahili, maana maumivu hayana mkalimani.

"Guu lako ni zima," sauti ya kiume ikamjibu kwa Kiswahili hichohicho. "Wa kupewa pole ni mfuko wangu."

Tangu ashuke kwenye ndege alikuwa hajaisikia lugha yake ikisemwa ana kwa ana. Akataka kufuta miwani kwa ncha ya shali. Mkono ukazuiwa kwa upole. Asifute, aliambiwa, atavikwaruza vioo. Asubiri. Watu wakawapita kulia na kushoto na mabegi yao, yeye akasubiri, na ukungu ulipofifia akatokea mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu na skafu nyekundu shingoni kama jogoo wa sikukuu. Alikuwa fundi miwani. Duka lake lilikuwa palepale stesheni.

Mwalimu akajitolea kuushona ule mfuko. Kazi ya jioni moja ikachukua karibu mwezi mzima, kwa kuwa kila jioni uzi ulikuwa umekwisha.

Baridi aliyoijua yeye ilikuwa ya shuleni. Alifundisha darasa la wadogo, na kuwavisha wale watoto makoti, kofia na glavu ili watoke nje kulikula mapumziko yote. Wa mwisho akifungwa zipu, kengele imelia, na wa kwanza anataka kwenda chooni. Fundi akamwonyesha upande wa pili. Maganda ya machungwa yakiwekwa juu ya hita yananukiza chumba kizima. Theluji mpya ikikanyagwa asubuhi, kabla ya mtu yeyote, hulia chini ya buti kama wali mkavu unaotafunwa. Na soksi, mpenzi, soksi huzivai hivihivi. Unazilaza juu ya hita wakati unapiga mswaki, kisha unaingiza mguu mmoja, unafumba macho, ndipo unaingiza wa pili.

"Wewe ni mlevi wa soksi," mwalimu alimwambia kwenye simu.

"Na wewe umezivaa zangu tangu juzi. Nirudishie."

"Njoo uzivue mwenyewe."

"Ngoja nifunge duka," alisema fundi.

Mkuu wa shule akataka jibu kufikia Ijumaa: mwalimu anaongeza mwaka, au anarudi kwao? Moyoni alishakata shauri kubaki. Alitaka fundi awe wa kwanza kuambiwa, Jumapili, nyumbani kwa fundi, baada ya supu. Lakini Jumapili, supu ikiwa bado jikoni, mama yake mwalimu akapiga simu.

Sasa, kwao, aliye mbali hasemi anastarehe. Akisema, ataambiwa ameshatusahau. Kwa hiyo mwalimu, miguu juu ya hita, chungwa mkononi, akaimba wimbo wa kila Jumapili: baridi inakata mifupa, chakula hakina ladha, usingizi haupo. "Hakuna kitu hata kimoja kinachonifurahisha huku, mama. Nahesabu siku tu."

Jikoni, fundi alikuwa ameshika upawa juu ya sufuria. Yeye aliletwa nchi hii akiwa mchanga, na wazazi wake wanakaa mtaa wa pili. Hajawahi kupigiwa simu ya kutoka kwao. Alilisikia kila neno, na kila neno aliliamini.

Supu ilipokwisha, fundi akamletea mwalimu koti lake kabla hajaitoa habari yake. Kuanzia kesho yake kila simu ya mwalimu ilijibiwa kwamba kuna mteja. Wateja gani hao wasiokwisha? Mwalimu akajiambia kuna mwingine, mwenye macho mazuri yasiyohitaji miwani. Alhamisi mchana akaingia dukani bila kubisha hodi na kuuliza amekosa nini.

"Hukukosa kitu," alisema fundi, akiifuta lenzi iliyokuwa safi. "Nilisikia ulivyomwambia mama. Mimi simfungi mtu jela."

Mwalimu akacheka. Akaona mwenzake hacheki. Akaeleza kwamba ile ni salamu tu, kila mtu kwao husema hivyo, hata mama mwenyewe ni kama anajua.

"Sawa. Na mimi nimo kwenye hicho 'hakuna kitu'?" Fundi akaiweka lenzi chini. "Kama soksi tu unamficha mama, mimi utanificha wapi?"

Mwalimu akatoa simu, akaweka spika, akapiga.

"Mama, nilikudanganya," alianza, na akayamwaga yote: machungwa, theluji, watoto wenye pua nyekundu wanaomkumbatia na makoti yao mabichi, soksi, na mwenye soksi. Akamwambia kesho anamjibu mkuu kwamba anabaki.

"Mimi napiga magoti nikuombee baridi ipungue," mama alisema, "kumbe mwenzangu unakula machungwa. Huyo mwenye soksi ananisikia?"

Fundi akaisogelea simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nyamaza kwanza, zamu yako inakuja." Kisha akamrudia mwanawe. "Mwanangu, uongo nimeusamehe, sote tumewadanganya mama zetu. Lakini kukaa mbali nami ukafurahi, na sasa unataka mwaka mwingine wa kufurahi? Kwa hilo niombe radhi."

Mwalimu akamtazama fundi.

"Siombi, mama," alisema. "Kwa hilo siombi."