Kibanda cha Inari

Haya yalimpata baba mdogo Tokuji, na nilikuwepo.

Ilikuwa asubuhi ya Mei, tunapandikiza miche. Trekta lake jipya likashindwa kupinda kwenye kona ya shamba. Pale kilisimama kibanda cha ibada cha Inari, mungu wa mpunga, na mbweha wawili wa mawe, wajumbe wake. Mkewe, mama mdogo Fusae, hakukosa kuwapelekea tofu, ile jibini ya soya, ya kukaanga.

"Baba watoto, muite kuhani kwanza," alisihi.

"Kuhani ndiye anayelima? Mbweha wa jiwe hang'ati, bibi wee!"

Akakibomoa kwa nyundo. Mbao akazifanya kuni za maji ya kuoga. Mbweha akawatupa mferejini.

Septemba, mashuke ya majirani yaliinama kwa uzito. Ya kwetu yalisimama wima. Nikaminya shuke moja. Tupu. La pili, tupu. Shamba zima lilikuwa makapi.

Baba mdogo hakujali. Tayari alikuwa ameacha kula.

"Nimeshiba," alisema, akisukuma bakuli. "Wenzangu wamenilisha."

"Wenzako gani?"

Akacheka tu. Mashavu yalikuwa yamebonyea.

Siku moja, jua la utosini, tukamfuata. Alikuwa amepiga magoti kwenye ile kona. Anainama kushoto, anashukuru. Anainama kulia, anashukuru. Akachota tope kwa mikono miwili. Akala. Mbele yake mpunga ulikuwa umelala sehemu mbili, kama palipokaliwa na watu wawili.

"Usimwite jina," mama mdogo alininong'oneza. "Ataitika nani, hatujui."

Tukawatoa mbweha mferejini. Tukajenga kibanda kipya. Kuhani akaja, akaanza dua mbele ya baba mdogo, akaikatiza katikati. Akatafuta viatu vyake.

"Mama, nimechelewa," alinong'ona. "Hapa hapana mtu wa kuombewa."

Oktoba baba mdogo akafa. Alikuwa na kilo thelathini na nne, na mpaka mwisho alisema ameshiba.

Baada ya mwili kuchomwa, tulishika vijiti tukaokota mifupa, kama ilivyo desturi, tukianzia miguuni. Tulipofika kwenye taya, kijiti changu kikagonga kitu kigumu. Meno manne. Marefu, membamba, yamechongoka. Moto haukuyagusa.

Baba mdogo alikuwa kibogoyo miaka ishirini. Meno yake ya bandia tuliyaacha nyumbani, kwenye glasi.

Mhudumu wa tanuri alirudi nyuma hatua moja. Mama mdogo akasogeza vijiti vyake. Aliyaokota, moja moja, akayatia chunguni pamoja na mifupa. Akafunika.