Loisi na Kesi ya Mlali

Mlinzi wa stesheni ya treni ya mwendokasi Dodoma aliikazia macho skrini ya mashine ya kukagua mizigo, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Haya meno ni ya nani?"

Watu wakageuka. Loisi, ndani ya gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, akajikuta anatazamwa na abiria wa treni nzima.

"Ni yangu," akasema, akajirekebisha upesi. "Yaani ni ya plastiki. Nafundishia watoto kupiga mswaki. Mimi ni tabibu wa meno."

Kijana mrefu nyuma yake, shati jeupe lililokunjwa mikono, akaangua kicheko. "Dada, sema tu umemng'oa nani yote hayo."

"Cheka vizuri nione. Enhe, la juu kushoto limetoboka."

Kijana akafumba mdomo ghafla. Foleni nzima ikacheka, safari hii ikimcheka yeye.

Aliitwa Anyitike, mpima ardhi, mzaliwa wa Tukuyu aliyehamia Dodoma kikazi. Kabla treni haijafika Morogoro alikuwa amebembeleza abadilishiwe kiti akae karibu na Loisi. Wiki iliyofuata akatokea kwenye kliniki ya Makole ambako Loisi alifanya kazi.

"Nimelileta lile la kushoto," akasema.

Loisi akaliziba, na kuanzia hapo simu hazikukatika. Mchana Anyitike alipiga kutoka Msalato alikokuwa anapima viwanja juani.

"Daktari wangu, bahatisha nimekunywa nini."

"Soda. Sauti yako inanata."

"Wewe mwanamke ni mchawi!"

"Mchawi wako. Kanywe maji."

Kisha Loisi akapata bahati aliyoiota tangu akiwa chuoni. Shirika moja la afya ya watoto lilimchagua aongoze huduma ya meno katika shule za vijijini, akianza na mafunzo ya mwaka mmoja Uskoti. Yalibaki mambo mawili, shirika kuchunguza historia yake na yeye kuomba viza. Kote aliulizwa swali lilelile: umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa lolote, hata la barabarani?

Loisi akakumbuka Mlali. Miaka miwili nyuma, akitoka kwenye shule moja ya Mlali, wilayani Kongwa, alitupia jicho geji ya mafuta na gari lake likaigonga bodaboda iliyokuwa mbele. Dereva wa bodaboda aliumia mguu. Loisi alimkimbiza hospitali, na mguu ukapona. Lakini kesi ilifika mahakamani. Alikiri kuendesha bila uangalifu, akalipa faini, akarudi nyumbani akidhani yamekwisha. Aliyejua ni dada yake tu, Elieth.

Jioni hiyo Anyitike alipopiga, Loisi alijaribu kumpima.

"Hivi Anyi, ungeoa mwanamke aliyewahi kutiwa hatiani?"

Anyitike akacheka. "Mke mwenye kesi? Mama yangu si atazimia! Kwani umeua?"

"Nauliza tu," Loisi akasema. "Haya, lala salama."

Baada ya hapo simu za Anyitike zikawa hazipokelewi. Ujumbe ulisomwa bila kujibiwa. Anyitike akaamini safari imempanda Loisi kichwani. *Ameshaona Ulaya, mimi wa vumbi la Msalato wa nini tena?* Alivumilia kwa hasira, akashindwa. Jumamosi asubuhi alinyoosha shati lake la bluu, akaenda nyumbani kwa kina Loisi. Alimkuta Elieth uani akichambua mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kumwambia tena kwamba mama yako atazimia?"

"Kwani kuna nini, dada?" Anyitike akauliza. Elieth akasukuma ungo kando, akamweleza yote.

"Sasa yuko wapi?"

"Kongwa, kuulizia nakala ya hukumu yake, maana karani wa mahakama ameahidi kufungua ofisi leo Jumamosi. Mtu wa kumjazia maombi ya viza alimwambia aandike hapana, eti nani atajua. Amekataa. Kaondoka hata chai hajanywa."

Anyitike alimkuta Loisi barazani pa mahakama, sketi nyeusi imejaa vumbi, macho mekundu.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Loisi, nilidhani unatania, nikaropoka. Nisamehe."

"Siogopi kwako tu, Anyi. Nikisema ukweli naweza kukosa kazi na viza. Na mama yako je?"

 Anyitike alitoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama. Mama, yule Loisi wangu aliwahi kugonga bodaboda. Alihukumiwa, akalipa faini."

"Aliyegongwa alipona?"

"Alipona."

"Mchumba wako alikimbia?"

"Hakukimbia. Alimpeleka hospitali mwenyewe."

"Sasa unaniuliza nini? Mlete nimwone!" Simu ikakatika.

Loisi alicheka na kulia kwa pamoja, akaegemeza kichwa kwenye lile shati la bluu, vumbi na machozi vikabaki hapo.

Mbele ya jopo la ajira la shirika, Loisi hakungoja kuulizwa. Alieleza kosa lake, akaweka mezani nakala ya hukumu na risiti ya faini. Mama Pushpa, aliyeongoza jopo, alisoma bila haraka.

"Tangu hapo kuna kesi nyingine?"

"Hakuna, mama."

"Kosa kama hili pekee halikunyimi kazi hapa. Ungelificha nikaligundua mwenyewe, tungeagana leo hii." Akavua miwani, akatabasamu. "Karibu kazini, Loisi."

Kwenye viza nako aliandika ndiyo, akasimulia yaliyotokea, akaambatanisha nyaraka zilezile. Kisha akasubiri, siku zikijikokota.

Jibu liliingia asubuhi moja kliniki imefurika. Loisi alisoma mara mbili, akavua glovu, akapiga simu.

"Anyi! Wamenipa! Wamenipa viza!"

Simu ikakatika. Muda si mrefu pikipiki ilifunga breki nje, na Anyitike akaingia mbio, kizibao cha kazini kifuani, buti nyekundu kwa udongo wa Msalato. Akapiga goti katikati ya wagonjwa walioshika mashavu.

"Loisi, nenda kasome, ongoza, wajue wewe ni nani. Lakini uende ukiwa mke wangu. Utanikubali?"

Loisi alimtazama yule mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Kwa wiki nyingi alikuwa amejiandaa kunyimwa. Sasa hakuwa na haja ya kujiandaa.

"Nimekukubali, Anyi. Inuka, unanichafulia sakafu."

Kliniki ikalipuka kwa makofi. Bibi mmoja aliyekuwa ameng'olewa jino dakika chache nyuma akatema pamba yake kiganjani, akasimama, akapiga kigelegele mpaka kikasikika mtaa wa pili.