Mkoba Mezani kwa Makopo

Saa 4:10 asubuhi

Walikuwa watatu ndani ya stoo nyuma ya vyoo, wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Kidole alichora kwa chaki sakafuni: mlango, meza, foleni, ukuta wa nyuma.

"Basi linaingia saa sita na nusu," alisema. "Linasimama dakika ishirini. Sonara atashuka wa kwanza."

"Una uhakika gani?" aliuliza Sukani, dereva wao.

"Dereva wa basi lile hasimami njiani mtu achimbe dawa, hata umlilie. Kwa muda wa saa tano nzima watu wamebana. Muulize kaka."

Kaka mtu alitikisa kichwa kukubali. Miaka tisa alikuwa amekaa mlangoni pa vyoo vile vya kituo cha mabasi ya masafa, akiwagawia abiria maji kwenye makopo, mpaka jina la Makopo likamganda. Ndani hamkuwa na hata msumari wa kutundikia kitu, na sakafu haikukauka, kwa hiyo kila abiria alimwachia mzigo wake mezani. Hakikuwahi kupotea hata kitambaa. Sonara, ambaye hakuuachia mkoba wake wa dhahabu hata akila, kila mwezi aliuacha pale.

"Nakuja na mkoba kama wake," Kidole alisema. "Unanipa ule, unaweka huu. Nazunguka ukuta, unanifuata. Siondoki bila wewe, kaka."

Makopo aliamini. Ndiye aliyemlea Kidole tangu mama yao afariki. Ndiye aliyemfungia vifungo vya shati la shule. Isitoshe alikuwa amechoka, amechoka kabisa, kunusa mikojo ya watu wanaokwenda kwingine.

Saa 6:31 mchana

Abiria waliteremka mbio. Mama mmoja alimburuta mwanawe huku akimgombeza kwa soda aliyomnunulia yeye mwenyewe. Sonara aliwatangulia wote.

"Shikamoo, mzee. Nitunzie."

"Marahaba. Chukua kopo hilo."

Saa 6:34

Kidole alifika, akapokea, akaacha. Alikuwa ameshaondoka kabla anayefuata kwenye foleni hajavuta mlango wa choo. Hakumtazama kaka yake usoni. Makopo aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

Saa 6:35

Alipozunguka ukuta, gari lilikuwa limeanza kutembea. Alilikimbilia, akashika kitasa. Kilikuwa kimefungwa.

"Rudi kwenye kiti chako, kaka," Kidole alisema huku akipandisha kioo. "Wakikupata wewe, hawatahangaika na sisi."

Sukani alikanyaga mafuta. Makopo alibaki na vumbi mdomoni. Angeweza kutorokea mashambani, lakini aligeuka. Alirudi mezani kwake.

Saa 6:39

Sonara aliunyanyua mkoba, uzito ukamshtua. Aliufungua. Matambara na mawe.

Ilitosha. Abiria walimzunguka Makopo, mmoja akamkaba shati, mwingine akainua tofali. Sonara alipenya katikati yao, jasho linamtoka, akaweka mkono begani kwa mzee.

"Asiguswe," alisema. "Miaka sita namwachia mali yangu. Huyu amezidiwa akili tu."

Tofali lilishushwa. Askari wa kituo alifika na kijitabu chake.

"Mzee, umemwona aliyebadilisha?"

Jibu lilikuwa jepesi. Angesema hapana, watu wangemwonea huruma, na kesho angeketi mlangoni akiaminiwa kama jana. Alimtazama sonara. Mkono wa yule bwana ulikuwa bado begani kwake. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kimekwenda, na bado alikuwa anamkinga. Makopo aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani.

"Gari jeupe," alisema. "Limeshika njia ya kule kwenye daraja. Aliyebeba ni mdogo wangu. Nimemlea mwenyewe."

Askari aliacha kuandika.

"Na aliyempa mkoba ni mimi."

Sonara aliuondoa mkono wake begani kwa Makopo, akarudi nyuma, akawapisha watu.