Usukani Nachukua Mimi

Soko la Konde siku mbili kabla ya Iddi haliingiliki. Watu hubanana hata mtu akipiga chafya kwenye samaki, anayejipangusa ni wa kwenye ndizi. Ndani ya zahama hiyo kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likawa linaweza kusimama peke yake, alirudi nyuma kumpisha bibi mwenye tenga la mihogo, akakaa kitako juu ya majora ya vitambaa ya Mwanapili binti Mjaka.

"Haya, kalia na hiki cha hariri," alisema Mwanapili. "Umebakisha hicho tu."

Siku hiyo alivaa buibui jipya na mtandio wa rangi ya ndimu, wanja umekaa sawasawa. Ulimi wake ulijulikana kuanzia Konde hadi Shumba Mjini.

"Niwie radhi, dada yangu. Samahani sana. Kama hutojali, nitavikunja mwenyewe. Unisamehe."

"Kosa moja, radhi tatu. Kwani kazi yako nini, weye?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Rubani."

Mwanapili alicheka hadi muuza pweza akageuka. "Rubani wa nini? Wa matenga?"

"Wa ndege kubwa, ya abiria mia na sitini. Hapa kwetu haiji, uwanja wetu mfupi."

"Ndege nzima unaipitisha mawinguni, halafu sokoni unashindwa kurudi kinyumenyume?"

"Ndege yangu hairudi kinyumenyume," alijibu kwa adabu zote, kama anayejibu swali la mwalimu. "Husukumwa na gari."

Hapo ndipo moyo wa Mwanapili ulipoteleza. Kijana aliitwa Msellem, mtu wa Wete, kazi yake Dar es Salaam. Aliondoka na mita tano za kitambaa cha dera asichokuwa na wa kumvisha, na namba ya simu.

Wakaanza kupigiana. Simu ya Mwanapili ikawa inapata joto hadi angeweza kuchomea mkate wa kumimina.

"Hebu nambie, habibi," alimchokoza jioni moja. "Kuna ugumu gani hasa? Nasikia mnabonyeza kidude, ndege inajiendesha, nyie mnakunywa kahawa."

"Inajiendesha, roho yangu, lakini hufanya ulichoiambia, hata ukiwa umeiambia upuuzi. Na kutua je? Upepo ukivuma wa ubavuni unaileta ndege pua imeelekea kwengine, wewe unakwenda kwengine, kama kaa. Tani sitini na zaidi, mwendo wa gari tatu za Konde ukizijumlisha. Mguu unanyoosha pua dakika ya mwisho, mkono unashikilia bawa. Ukiwahi, kosa. Ukichelewa, kosa."

"Subhanallah."

"Hilo nalijua. Na injini moja ikizimika wakati wa kupaa, nalijua pia. Kila miezi sita tunafungiwa kwenye mashine ya mazoezi, wanatuzimia injini, wanatuwashia moto, na mikono yangu hawajapata kuitia ila." Sauti ilishuka. "Kilichonishinda mie ni mdomo."

Akamweleza. Marubani wako wawili. Mkubwa akikosea, mdogo lazima aseme. Asiposikilizwa aseme tena, kwa nguvu. Akipuuzwa mara ya pili, aseme "Usukani nachukua mimi," aushike. Sasa kapteni wa kumtahini alikuwa mtu mzima, mvi hadi kwenye nyusi, naye Msellem alilelewa na ami yake, Mzee Jecha, mtu ambaye hata akivaa kanzu nje ndani haambiwi. Kapteni alikosea makusudi ili amwone. Msellem akasema: "Samahani mzee, sijui kama umependa mwendo uwe hivi." Kabla hajamaliza kuomba radhi, ndege ya mazoezi ilikuwa imeshaingia ardhini. Mara mbili wameandika kwenye jalada lake: hasemi. Mara ya tatu kazi imekwisha.

"Basi dawa yako mie," alisema Mwanapili. "Kuanzia leo mie ni kapteni wako. Haya, naishusha ndege."

"Kapteni, mwendo umepungua."

"Nyamaza, mtoto weye! Nimeanza kuruka hujazaliwa."

"Ee... samahani, mzee."

"Umeshakufa! Umeua watu mia na sitini, na mmoja ana mimba ya pacha! Tena!"

Wiki tatu walikuwa hivyo. Mwanapili alimkaripia, akamlilia, akajifanya kiziwi, akamtajia maradhi yake ya moyo. Na siku moja, katikati ya kelele zake, akasikia sauti asiyoijua, kavu, iliyonyooka: "Mwendo mdogo. Nimeshasema. Usukani nachukua mimi." Akabaki na simu sikioni, nywele zimemsimama.

"Sasa umekuwa," alinong'ona.

Mtihani alifaulu. Mwezi uliofuata Mzee Jecha na mkewe Bi Time walipeleka posa Konde, ikapokewa, na Msellem akaitwa aje amsalimie mkwewe.

Hapa ijulikane jambo moja la nyumba ile. Mzee Mjaka alikuwa dereva wa gari ya abiria, Konde kwenda Wete, miaka thelathini na mbili. Na Mzee Mjaka alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alianzia jicho la kulia, akahamia na la kushoto. Chai aliimiminia mezani. Alipata kumsalimia mbuzi wa jirani, akamuuliza hali ya wanawe, na alipokosa jibu akamnunia siku mbili. Utingo alikwishajifunza kuimba njia kutoka nyuma, "kona hiyo, mzee, kona!" kana kwamba anaburudisha abiria. Nyumba nzima ilijua, na Mwanapili wa mwanzo. Lakini nani amwambie mzee wa heshima zake, mkate wa nyumba uko kwenye usukani ule?

Basi baada ya pilau mzee akasimama. "Wakwe zangu hawarudi na gari ya mtu. Nawapeleka mwenyewe."

Mzee Jecha na Msellem walikaa mbele. Mwanapili na Bi Time nyuma, na sufuria ya pilau ya kupeleka Wete, karibu na kidirisha cha kuchungulia kwa dereva. Utingo siku hiyo alikuwa arusini kwao. Ilikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa ukingoni mwa barabara, njia nzima inanukia.

"Mzee, kushoto kwako karafuu," alisema Msellem.

"Naziona, mwanangu."

Gurudumu likapita juu ya jamvi. Mwanapili alisikia karafuu zikipasuka chini yake, akamshika Bi Time mkono.

"Mzee Mjaka, unatoka barabarani. Mbele kuna mtu."

"Mie nimeendesha hapa hujazaliwa!"

Halafu ikaja ile sauti kavu. "Usukani nachukua mimi." Mkono mmoja ukavuta usukani, mwengine breki ya mkono. Sufuria ikaruka, pilau ikawavaa. Gari ikasimama, na mbele ya bampa, umbali wa shubiri, bi kizee mmoja alikuwa bado ameshika ufagio wa kugeuzia karafuu.

"Pita basi!" alifoka. "Si umeshazisaga? Nisage na mie nikauzwe!"

Mzee Mjaka alishuka. Hakumtazama bi kizee wala Msellem. Aligeukia nyuma ya gari, uso juu.

"Mwanapili! Ulikuwa dirishani. Baba yako alikuwa akiona au haoni?"

Mzee Jecha alisubiri. Msellem alimtazama Mwanapili, na macho yake hayakuwa na wasiwasi hata chembe, maana anayeulizwa ni kapteni wake.

Mwanapili alifungua mdomo. Akaona mikono ya baba yake, bado imekunjwa kama imeshika usukani.

"Ulikuwa ukiona, baba."

"Mmesikia," alisema mzee. "Huyu kaninyang'anya gari yangu mbele ya wakubwa zake. Posa yenu chukueni."

Msellem alipiga simu jioni ile. "Sisemi nimeonewa. Mwambie tu. Atakuja kuua watu."

"Siwezi, Msellem. Ni baba yangu."

"Mie ulinifundisha."

"Nilikuwa nakufundisha na mzee wa uongo! Mwenyewe sikufundishwa na mtu."

"Mwambie, mpenzi. Neno moja tu, kesho narudi kuposa upya."

"Nipe muda."

Muda alipewa. Simu zikawa za wiki, zikawa za mwezi, zikawa za Iddi tu, kisha hata Iddi ikapita.

Siku aliyosema hapakuwa na jambo kubwa. Asubuhi mzee aliwasha gari, akapiga honi afunguliwe lango, na lango lilikuwa wazi. Akapiga tena. Mwanapili akaenda kusimama mbele ya bampa.

"Baba, huoni. Shuka."

Injini ikazimwa. Mzee alikaa, mikono magotini.

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mie kabla yako." Akashuka akipapasa ngazi. "Siku ile nilikuuliza mbele za watu, mwanangu. Nilikuwa nishaona aibu ya kutosha, nataka kweli niisikie kwako, si kwa mtu baki. Ungesema haoni, ningempa kijana yule ufunguo pale pale, nikampa na wewe." Akakaa barazani. "Mpigie. Mwambie aje."

Mwanapili alipiga. Msellem alipokea mlio wa pili.

"Mwanapili! Wambaje, una habari gani?"

"Nimemwambia baba. Kashuka kwenye gari."

"Alhamdulillahi." Kisha akaanza neno, akalikata, akaanza upya. "Nimeoa, Mwanapili. Mwezi wa tatu huu. Jina lake Bimkubwa, binti wa Kengeja."

Alipaswa kusema hongera. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limevaa na kujipamba.

"Mie nakupenda," alisema. "Sitaki kitu. Nimetaka ulijue kwa mdomo wangu."

"Nilikuwa nalijua siku zote. Nilikuwa sijui kama utapata kulisema." Nyuma yake mwanamke aliuliza chai aitie tangawizi. "Naitwa," alisema Msellem, na simu ikakatika.

"Anakuja lini?" aliuliza Mzee Mjaka.

"Haji, baba."

"Yuko safarini?"

"Kaoa."

Mzee akanyoosha mkono kumshika bega. Mkono ukaenda upande mwengine, ukawa unapapasa hewa. Mwanapili angeweza kusogea taratibu akaupokea, mzee asijue kitu.

"Siko huko, baba," alisema. "Niko huku."