Mwulizeni Fundi Mwenyewe

Fundi rangi alikuwa hodari wa kazi yake. Asubuhi moja alirudi kwenye nyumba aliyokwisha kuimaliza, akaanza kuupaka rangi ukuta uleule. Mwenye nyumba alipomwuliza kulikoni, fundi aliitazama brashi mkononi.

Mkewe alimpeleka hospitali. Baada ya vipimo, daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, nao ndio kwanza unaanza.

Jioni mdogo wake fundi alikuja mbio.

"Shemeji, nyumba yenu iandikwe jina langu upesi, kabla kaka hajapotea kabisa."

"Tusiyaseme hayo sasa," mke alisema. "Ni uchuro."

Fundi aligeuza shingo huku na huku. Nani anapotea? Nyumba ipi?

"Kwani mimi nimeshakufa?" aliuliza.

Kesho yake jirani yao, muuguzi, alikuja kumjulia hali. Mke alimweleza yote. Muuguzi akamgeukia mgonjwa.

"Fundi, wewe unatakaje?"

"Sijui, dada. Mambo yananichanganya."

"Basi tuende moja moja. Siku ukishindwa kuamua, nani akusemee?"

Fundi alifikiri.

"Mke wangu. Ananielewa hata nikinuna."

"Na nyumba?"

"Akae yeye. Mdogo wangu aje kula, kisha arudi kwake."

Mke alicheka huku akijifuta machozi.

"Mnaona?" muuguzi alisema. "Ugonjwa ukiwa mwanzoni, mtu bado anaweza kuamua mambo yake. Nendeni kwa mwanasheria. Fundi aandike wosia, na hati ya kumpa mkewe uwezo wa kuamua kwa niaba yake. Ulizeni kama hati itafaa hata akili yake ikichoka, maana sheria si sawa kila mahali. Tena amwambie daktari anavyotaka kutunzwa. Mkichelewa, huenda mahakama ikamchagulia msemaji."

Kwa mwanasheria, mke na mdogo wake fundi waliambiwa wasubiri nje. Fundi alisomewa polepole. Alipopotea, alisomewa tena. Alipoelewa, alitia saini. Kisha alimweleza daktari anavyotaka kutunzwa, maneno yake yakaandikwa. Mdogo wake alinuna wiki nzima, kisha akaja kula.

Baadaye sana, fundi aliugua kifua. Daktari alimwuliza maswali, naye akawa anatazama dari tu. Mke alitoa hati na yale maandishi.

"Anataka atibiwe nyumbani, kama inawezekana," alisema. "Na asifichwe kitu."

"Nani huyo?" fundi aliuliza.

"Ni wewe, mume wangu. Ulisema mwenyewe."

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole.

"Basi nilisema vizuri."

Daktari akavuta kiti, akaanza kumweleza.